Ndugu wa Sukuma Wiki

Kambi ya Mlimani, Yukon
24 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Kabla ya lolote najua unauliza kama nimekula. Nimekula. Wali na maharagwe ya mkebe, na sasa hivi nina kikombe cha chai ya maziwa ya unga mkononi. Sijakonda. Zile soksi nene ulizoninunulia ninazo jozi sita, mbili nimezivaa kwa pamoja. Mjomba Crispus hajambo? Na Libérata wa mlango wa pili, mgongo wake unaendeleaje?

Huku hakuna mtandao. Kuna redio moja ya dharura, na Pascal, kiongozi wetu, anailinda kuliko anavyotulinda sisi. Helikopta huja kila baada ya wiki mbili na chakula, betri na barua. Kwa hiyo umeshinda. Ulisema unataka barua za karatasi kama zile ulizokuwa ukiniandikia nikiwa bweni kule Machakos kabla hujanileta Kanada, na sasa sina njia nyingine.

Uliniambia nakwenda kuhesabu barafu. Siku ya kwanza hata mimi niliona hivyo. Hakuna mti hata mmoja, ni mawe, upepo na majani mafupi mpaka mwisho wa macho. Nikamuuliza Pascal, mimea yenyewe iko wapi? Akanijibu, piga magoti. Shangazi, ukipiga magoti mlima huu unabadilika. Katika eneo la mita moja kwa mita moja nilihesabu aina kumi na tisa, zote fupi kuliko kikombe hiki cha chai. Zinajibana chini kwa sababu ya upepo, na zina wiki sita tu za kuchanua, kuzaa mbegu na kumaliza kila kitu kabla theluji haijarudi. Hakuna anayechelewa.

Majina ya kitaalamu nayaandika kwenye fomu. Lakini kwenye daftari langu nimewapa majina ya watu wetu, maana hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Kuna mmoja wa mviringo, mnene, umejaa maua ya waridi, umekaa juu ya jiwe na hausogei kwa ajili ya mtu yeyote. Huyo ni Mama Mchungaji. Kuna wenye ua jeupe ambalo linaligeukia jua tangu asubuhi hadi jioni na halitazami kwingine. Huyo ni Mjomba Crispus na televisheni. Kuna uliovaa sufu mwili mzima hata mwezi wa sita. Huyo, naomba usimwambie, ni Libérata. Na kuna mti, Shangazi, mti kamili wenye shina na matawi, na kimo chake hakizidi kidole changu. Pascal anasema pengine una miaka sitini.

Wewe bado sijakupata. Natafuta.

Kuna pia majani ya mviringo, machachu kama ukwaju, ambayo huliwa. Niliyakatakata kwenye maharagwe nikakukumbuka. Mpaka leo nimefika aina sitini na moja. Kazi inaisha mwisho wa Agosti.

Ni mimi mwanao,
Syombua


Crescent Town, Toronto
10 Julai 2024

Mwanangu Syombua,

Barua yako imefika ikinuka moshi, nikajua unapika. Sisi wazima. Crispus mzima. Nilimsomea barua kwa sauti ili asikie alivyogeuzwa ua. Amesema televisheni haijawahi kumzuia kufanya kazi yoyote. Nimenyamaza, maana ndoa ni kunyamaza.

Libérata nimemwambia. Uliandika nisimwambie, lakini alikuwa amekaa papo hapo. Alipiga kelele kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa, "Mais huyu mutoto ananicheka!" kisha akacheka yeye mwenyewe mpaka akashika mgongo. Mgongo bado. Kanisani tumepata mapazia mapya, ya rangi ambayo Mama Mchungaji aliichagua peke yake, na inaonekana aliichagua peke yake.

Lifti ilikufa siku tatu. Ghorofa ya kumi na tisa, mwanangu, na magoti haya. Nikipanda yanalalamika, nikishuka yanalalamika. Kule nyumba ya wazee ninakopika, kuna bibi wa miaka tisini aliyeniambia nikae nipumzike.

Sasa sikiliza. Hayo majani uliyokula. Mimi niko nchi hii mwaka wa ishirini na mbili nakula mboga zilizofungwa plastiki. Nyanya yako kule Mwala hakuwahi kurudi kutoka safari mikono mitupu. Akienda matangani, akienda harusini, atarudi na majani au mizizi ndani ya leso, na kabla hajavua viatu kitu kiko sufuriani na jirani ameitwa. Alisema ukipewa kitu cha porini ukakiacha kilale, umemtukana aliyekibeba. Wewe uko kwenye mlima wenye aina sitini na moja, huwezi kukosa hata moja ya kutibu magoti. Ukipata mtu anayekuja Toronto, mpe. Usiweke posta, mboga haipendi posta.

Chumba chako nimekifagia. Nauliza tu: mimea ikishahesabiwa imehesabiwa, sivyo? Mtu harudi tena kuihesabu.

Shangazi yako,
Katunge


Kambi ya Mlimani
30 Julai 2024

Shangazi yangu,

Salamu kwa wote, na pole ya magoti na ya lifti. Mimi mzima, isipokuwa mbu. Mbu wa huku wana adabu mbaya na hawana woga. Nimekula.

Nimekupata!

Jumamosi tulikuwa upande wa kaskazini, kwenye changarawe ambako Pascal alisema hakuna kitu. Nikapiga magoti kwa mazoea. Katikati ya mawe palikuwa na kijani kidogo, eneo zima si kubwa kuliko meza yako ya jikoni. Maua yameshapita, mashina yamebeba vifuko vya mbegu, kimo chake nusu ya kidole. Pascal alikaa chini akatazama muda mrefu. Akasema hajawahi kuuona mmea huu mlima huu, wala hajasikia mtu aliyeuona.

Ni wa ukoo wa sukuma wiki, Shangazi. Ukoo uleule. Lakini ndugu hawa wa milimani wanafanana mno, na kuwatenganisha ni mpaka utazame vinyweleo vya jani kwa lenzi. Mtu anayevijua vizuri ni Profesa Alimohamed, mstaafu, mzaliwa wa Lindi, anakaa Pickering hapo jirani yako. Atarudi kutoka safarini mwisho wa Agosti.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Nimechukua mashina matano, yote niliyoruhusiwa, nikayakausha ndani ya gazeti. Kambini kila kitu kimelowa, hata kitanda, na naogopa ukungu. Rubani atampelekea kifurushi Cherotich, nesi wa hospitali ya mjini Whitehorse, msichana wa Kericho, anayekuja Toronto likizo. Barua hii rubani ataitia posta. Kwa hesabu yangu itamtangulia Cherotich. Kifurushi kikifika kiweke juu ya kabati, pakavu, na usilifungue gazeti. Profesa atapita kukichukua.

Akithibitisha, mmea wangu unaingia kwenye orodha kama namba themanini na saba, na kiangazi kijacho nitaletwa tena kuufuatilia. Asipouona unafutwa. Katika kazi hii mmea usioweza kuuweka mezani haukuwepo. Shangazi, sijawahi kutaka kitu namna hii.

Na jina lake kwenye daftari langu ni Katunge. Umeota mahali ambapo kila mtu alisema hapaoti kitu, na upepo umeshindwa kuung'oa.

Mwanao,
Syombua


(Barua ifuatayo ilibandikwa stempu, haikupelekwa posta.)

Crescent Town
6 Agosti 2024

Mwanangu kipenzi,

Nilijua hutanisahau! Cherotich ameleta kifurushi jana jioni, msichana mwenye heshima, amekula sahani mbili. Leo asubuhi nimepiga magoti haya haya yanayouma nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtoto anayesikia.

Yalikuwa mashina matano tu. Nikasema, mtoto ametoa alichokuwa nacho. Nilifanya kama nyanya yako, sikuyaacha yalale zaidi ya usiku mmoja. Nikayaosha, nikayachemsha na tangawizi, nikamwita Libérata. Yeye kikombe kimoja, mimi kimoja, Crispus nusu kwa nguvu. Ladha yake ni kama maji yaliyopita karibu na sukuma wiki. Libérata amesema mgongo umelegea. Crispus amesema hasikii kitu. Mimi goti la kushoto nalisikilizia.

Nilipofungua gazeti, mbegu zilimwagika mezani, ndogo kama vumbi. Mimi mtu wa Mwala siwezi kutupa mbegu. Nimezitia kwenye kopo la majarini lenye udongo, liko balkoni. Tutaona.

Ukipata mengine, tuma mengi kidogo.

Shangazi yako mwenye furaha,
Katunge


Crescent Town
19 Agosti 2024

Mwanangu Syombua,

Hatujambo sana. Crispus hajambo, Libérata hajambo, Mama Mchungaji hajambo, mapazia hayajambo. Mvua imenyesha Jumatano na Alhamisi. Ijumaa haikunyesha. Kule kazini tumepewa aproni mpya za bluu. Lifti inafanya kazi, ukiingia inakupandisha, ukitaka kushuka inakushusha.

Kifurushi kilifika. Cherotich ni msichana mzuri.

Nimepika muthokoi wa mahindi na maharagwe jana nikakukumbuka. Jifunike.

Shangazi


Whitehorse
16 Septemba 2024

Shangazi,

Salamu. Kambi tumeifunga. Mlima umeshavaa theluji, hata Mama Mchungaji amefunikwa. Mimi niko mjini, nimepata nafasi maabara ya chuo cha hapa hadi Aprili, nina chumba chenye joto na mlango unaofungwa. Nimekula.

Nimekupigia simu mara nne. Mara zote Mjomba anasema uko kanisani. Ya jana ilikuwa Jumapili, sawa. Jumanne saa tatu asubuhi kuna ibada gani?

Profesa Alimohamed ameniandikia kwamba amefika kwako mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa kabati limefungwa na ufunguo uko kwa Mjomba kazini. Kabati gani? Nilikuomba uweke juu ya kabati. Mara ya pili, anasema, alikula kuku wa kupaka, chapati, maandazi na embe, akafungiwa na vingine vya kwenda navyo, na alipofika Pickering ndipo akakumbuka alichokuwa amekuja kufanya. Ameniandikia aya nzima kuhusu chapati. Kuhusu mmea hakuandika neno.

Orodha inafungwa tarehe kumi Novemba. Tafadhali, Shangazi. Mpe tu.

Syombua


Crescent Town
3 Oktoba 2024

Mwanangu,

Sisi wazima. Profesa wako ni mtu muungwana sana, wa zamani. Anasema "Mama, nashukuru" hata kwa maji. Kuku nilimnunua mtaa wa Danforth, wa halali, nisije nikamkosea. Alinisimulia habari za Lindi mpaka nikaona kama nimefika. Mtu akila vizuri hivyo huwezi kumkatiza kwa mambo ya majani.

Crispus amebadilisha miwani. Majani ya miti yamegeuka mekundu barabara nzima. Simu yangu ina shida, ikiita inaita kidogo halafu inaacha.

Hilo jambo lingine nalishughulikia.

Shangazi yako anayekupenda, hilo ulijue hata iweje,
Katunge


Whitehorse
12 Novemba 2024

Shangazi,

Natumai nyote wazima.

Orodha imefungwa juzi. Nilisimama mbele ya watu watano nikaeleza mahali, siku, na jinsi mmea ulivyokuwa. Mmoja akasema kwa upole kwamba mtu akishapiga magoti wiki nane anaweza kuona anachotaka kuona. Pascal hakuwepo, na hata angekuwepo walitaka mmea, si maneno. Namba themanini na saba imefutwa. Tumebaki themanini na sita.

Hakuna sababu ya kunipeleka tena mlimani. Mkataba wa maabara ukiisha nitarudi Toronto, Mei, nitafute kazi huko. Kwa hiyo chumba ulichokifagia kitapata mtu.

Sikuulizi tena. Kama kuna jambo, niambie siku utakayoweza.

Syombua


Crescent Town
27 Aprili 2025

Mwanangu Syombua,

Leo sianzi na salamu. Salamu ziko chini, utazikuta.

Nilichemsha mmea wako.

Tarehe sita Agosti, saa nne asubuhi, na tangawizi. Barua niliyokuandikia siku ile nimeitia humu, isome ujue moyo wangu ulikuwa mweupe. Nilikuwa namngoja Crispus aipeleke posta Ijumaa, na Ijumaa hiyo yako ikafika. Sufuria ilikuwa imeshaoshwa siku tatu. Nilipofika mahali unaposema umeupa jina langu, nilikaa juu ya ndoo. Yaani nilijichemsha mwenyewe, nikajinywa, na jirani nikamgawia.

Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho. Profesa akaja na begi lake safi, nikamlisha. Akaja tena, nikamlisha zaidi. Wewe ukipiga simu namwashiria Crispus kwa mkono, na yeye hajui kudanganya, anajua neno moja tu, kanisani. Wafanyakazi wa posta walipogoma Novemba nilimshukuru Mungu, kisha nikamwomba msamaha kwa kumshukuru. Ile barua yako ya mwisho ilikwama na mgomo, ikafika Januari.

Hiyo ya Januari ndiyo inayoniumiza, na hili ni la pili, zito kuliko sufuria. Uliposema unarudi nyumbani, nilifurahi. Niliimba jikoni. Nikajiambia, basi, Mungu ana njia zake, majani yamekwenda na mtoto anarudi. Siku nane nzima nilitembea na furaha hiyo. Kisha nikatafuta miwani, nikakuta ile barua yako ya kwanza, ya kupiga magoti na kuhesabu kumi na tisa, nikaisoma. Nikaona haya, Syombua. Nilikuwa nafurahi kwa sababu umeshindwa. Mimi niliyeuza kioski changu Mwala ili usishindwe.

Hata hapo sikuandika. Nilikuwa sina cha kukupa zaidi ya aibu.

Sasa kopo. Nilikuambia kwenye barua ile kwamba mbegu nilizitia kwenye kopo la majarini. Septemba hakikuota kitu. Oktoba hakuna. Nikaliacha balkoni, sikutaka hata kulitazama, theluji ikalifunika na Crispus akaweka koleo lake juu yake. Wiki mbili zilizopita nimetoka kufagia. Nikaona kijani. Nikasema gugu. Nimelishika kuling'oa kabisa, kwa kidole na gumba, halafu nikainama. Nikapiga magoti, mwanangu, juu ya saruji. Vichipukizi viko saba. Vidogo, majani yake kama nukta.

Nilimpigia Profesa mimi mwenyewe. Akaja, akidhani ni chakula. Nikamwekea kopo mezani, mahali pa sahani. Akatoa lenzi, akaweka jicho, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Akasema, "Mama, hivi vinyweleo vina umbo la nyota. Umevitoa wapi hivi?" Nikamweleza yote, sufuria, tangawizi, Libérata. Akavua miwani akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema, "Kwa hiyo yule mgeni niliyekuwa namfuata mimi, ninyi mlishamnywa!" Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mbegu hizi hazioti mpaka zigande kwanza majira yote ya baridi. Kama ningeliweka kopo ndani, karibu na joto, kwa mapenzi yangu, lisingeota kitu milele.

Anasema kopo langu haliwezi kuwa ushahidi wa mlima, maana limetoka jikoni kwangu, na pia ni lazima lichanue ndipo aape. Lakini alichokiona kinamtosha kuandika kwamba hukuota ndoto, na kwamba urudishwe ukautazame. Akaniuliza kama niko tayari aandike. Alijua, nadhani, kwamba barua hiyo itakuondoa kwangu. Nilikuwa nimemwambia kwamba unarudi Mei.

Nikamwambia aandike hapo hapo, mezani kwangu, kabla sijabadilisha nia. Barua yake ameituma jana.

Sasa salamu. Crispus anakusalimu na anasema amechoka kuwa kanisani. Libérata anakusalimu, anasema hakujua, na kwamba mgongo wake ulidanganya. Mimi nakusalimu. Nilikutaka nyumbani. Ndiyo maana ya yote.

Shangazi yako,
Katunge


Whitehorse
9 Mei 2025

Shangazi yangu,

Mimi mzima. Nimekula.

Nilikasirika siku mbili, na nataka ulijue hilo kwa sababu umeniambia ukweli. Si kwa sababu ya sufuria. Miezi sita nilianza kuamini kwamba yule bwana alisema kweli, kwamba niliona nilichotaka kuona. Niliacha kuyaamini macho yangu. Ungesema tu "nimeupika," ningelia, na ningejua mmea ulikuwepo.

Siku ya tatu nikafika kwenye ile barua ya Agosti, pale penye "maji yaliyopita karibu na sukuma wiki." Nilicheka maabara nzima ikageuka. Nimeuliza kila mtu humu, hakuna anayejua ladha ya mmea huu. Wanaojua duniani tunaowafahamu ni watatu, na wote wako ghorofa ya kumi na tisa.

Barua ya Profesa imefika. Yule aliyeniambia habari za magoti amekuja mezani kwangu kuomba radhi, amebeba keki. Napanda mlimani tarehe kumi na nne Juni. Kabla ya hapo nakuja kwako siku kumi. Chumba usikifagie, nitakifagia mwenyewe.

Na Shangazi, ungeniambia tu kwamba unanitaka nyumbani. Ningekwenda mlimani vilevile. Lakini ningekwenda nikijua.

Kopo liache nje.

Mwanao,
Syombua


Crescent Town
18 Juni 2025

Mwanangu,

Umesahau soksi za kijivu. Nimekutumia kwa posta, soksi hazidhuriki na posta.

Tuko salama. Tangu mlango wa lifti ulipokufungia nimekukosa, nakuandikia hivyo waziwazi maana nimejifunza. Profesa alikuja Jumapili na mke wake Sughra, wakala pilau, na yeye alikaa balkoni juu ya ndoo akatazama kopo saa nzima. Havijachanua. Anasema labda mwakani. Nimemwambia sina haraka. Baridi ikirudi kopo linakaa nje, Crispus nimemkataza kuweka koleo.

Jifunike,
Shangazi Katunge


Kambi ya Mlimani
6 Julai 2025

Shangazi yangu,

Soksi zimefika, nimezivaa. Mbu wanakusalimu.

Tulikwenda upande wa kaskazini siku ya tatu. Nilitembea mbele nikiwa na hofu kwamba pengine majira ya baridi yamewamaliza, au kwamba nitakuta mawe matupu na wenzangu nyuma yangu wakinihurumia. Wapo. Wamechanua, maua madogo ya njano. Pascal na mimi tumehesabu mashina arobaini na matatu. Tumechukua matano, na safari hii yanakwenda kwa Profesa mkono kwa mkono na Pascal mwenyewe. Namba themanini na saba imerudi kwenye orodha, inangoja tu neno la mwisho la Profesa. Mashina tuliyoyaacha nimeyapigia magoti nikayasimulia habari zako. Pascal alidhani nasali.

Cherotich anakuja tena Toronto likizo, kwa hiyo utapata kifurushi. Ni yale majani machachu, yale ya kula, mengi, nimeyachuma asubuhi nzima. Magoti usiyategemee, lakini kwenye maharagwe ni matamu. Mwite Libérata. Mpigie na Profesa. Yasilale.

Barua hii sijaitia posta. Nimeifunga ndani ya kifurushi, juu kabisa ya majani, uikute kabla hujafika kwenye sufuria.

Mwanao,
Syombua